Pikipiki ya zamani imegoma umeme: kutafuta tatizo hatua kwa hatua, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya Tanga

Pikipiki inayolala Raskazone au Sahare huoza kwenye viungio vya waya muda mrefu kabla kutu haijaonekana kwenye rimu. Upepo wa bahari unaleta unyevu wenye chumvi, chumvi inatulia ndani ya konekta, shaba inageuka kijani, na umeme unaanza kupita kwa kubabaisha. Mwenye pikipiki haoni hayo. Yeye anaona taa inayofifia, indiketa iliyogoma, au kiki za asubuhi zisizo na idadi bila injini hata kukohoa. Anakwenda dukani ananunua koili, inayopandisha umeme hadi uwe cheche. Haijasaidia, ananunua CDI, kiboksi cha kielektroniki kinachoamuru cheche. Kisha regileta, inayodhibiti chaji ya betri. Pesa imekwisha na pikipiki bado imeegeshwa ukutani.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja: usinunue kifaa cha umeme kabla mita haijakuonyesha kwamba kilichopo kimekufa. Kwenye Honda CG125, C70 na C90, Yamaha DT, Suzuki A100, Vespa, na zile BSA chache walizotuachia wazee, kiungio kilichooza hukutana nacho mara nyingi kuliko koili iliyoungua. Na kiungio husafishwa kwa msasa wa bei ya andazi.

Jua kwanza una pikipiki ya namna gani

Kuna mambo manne ya kujua kabla hujashika spana, kwa sababu kipimo sahihi kwenye pikipiki moja ni upuuzi kwenye nyingine.

La kwanza, ni ya volti 6 au 12? Usibahatishe kwa kuangalia umri. CG125 iliingia sokoni mwaka 1976 ikiwa na volti 6 na platini, matoleo ya baadaye yakaja na volti 12 na CDI, na kwa macho ya barabarani zinafanana. Hesabu vifuniko vya betri ya maji: kila chumba kina volti 2, kwa hiyo vifuniko vitatu ni volti 6, vifuniko sita ni volti 12. Thibitisha na maandishi kwenye kitako cha balbu. Kama betri inasema 12 na balbu zinasema 6, kuna fundi alipita hapo na hakumaliza kazi.

La pili, inawashwa kwa platini au CDI? Fungua kifuniko cha magneti, yaani kizalishaji umeme kinachozungushwa na injini, au uchungulie kwenye dirisha la flaiwili. Ukiona vidole viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga, hiyo ni platini. Ukikosa, tafuta kiboksi cheusi chenye plagi ya waya nne au tano chini ya tanki au chini ya siti.

La tatu, cheche inategemea betri au inajitegemea kutoka kwenye magneti? Chomoa fyuzi, fungua ufunguo, piga kiki. Injini ikiwaka, cheche inatoka kwenye magneti moja kwa moja. Izime papo hapo, kwa sababu kuendesha bila betri kunaweza kuunguza balbu na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uwe wa kuchaji betri. Ukipata jibu hapa umeokoa nusu siku: kama cheche haitegemei betri, betri iliyokufa si sababu ya injini kugoma, hata jirani yako aape vipi.

La nne ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu. Kwenye pikipiki za Japani, hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye fremu. Kwenye BSA, Triumph na Royal Enfield nyingi za zamani zenye vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Uingereza, chanya ndiyo inayokwenda kwenye fremu. Mtu akinunua betri mpya na kuifunga kwa mazoea ya Honda, rektifaya inaungua kabla hajafunga siti. Angalia waya wa zamani ulifungwa wapi kabla ya kuuchomoa, na upige picha kwa simu.

Rangi za waya

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapojikwaa, hasa anayefanya Honda wiki nzima kisha akaletewa Yamaha siku ya Jumamosi.

Kwenye Honda, kijani ni athi. Nyekundu inatoka betri na ina moto, yaani umeme, muda wote. Nyeusi ina moto baada ya kufungua ufunguo. Rangi ya machungwa ni indiketa ya kushoto, samawati ya kulia, kijivu inatoka kwenye flasha, kidude kinachowasha na kuzima indiketa. Kahawia ni taa ya nyuma, kijani yenye mstari wa njano ni taa ya breki. Bluu ni taa kubwa ya juu, nyeupe ya chini. Kijani hafifu ni honi.

Kwenye Yamaha, nyeusi ni athi. Rudia kusoma. Ule ule weusi ambao kwenye Honda una moto, kwenye Yamaha unakwenda kwenye fremu, na moto wa baada ya ufunguo uko kwenye kahawia. Suzuki inatumia nyeusi yenye mstari mweupe kuwa athi na rangi ya machungwa kuwa moto wa ufunguo. Kawasaki: nyeusi yenye mstari wa njano ni athi, kahawia ni moto wa ufunguo, nyeupe inatoka betri. Na kwenye Triumph na BSA za miaka ya 1960, waya mwekundu ndio athi.

Baada ya hayo yote, usiamini rangi peke yake. Pikipiki iliyopita kwenye mikono ya mafundi watatu wa Ngamiani itakuwa na waya wa spika, waya wa nyumba na kipande cha waya wa redio. Rangi inakupa dhana, mita inakupa jibu.

Vifaa

Multimita ya kawaida ya dijitali inatosha. Ongeza taa ya kupimia: soketi ya balbu ndogo, nyaya mbili na klipu mbili. Volti 12 tumia balbu ya wati 5 au 10 ya volti 12, na volti 6 ya volti 6. Wengine wanaidharau taa hii kwa kuwa wana mita, lakini taa inavuta umeme na mita haivuti, na tofauti hiyo utaiona kwenye athi. Uwe pia na msasa laini, brashi ya waya, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo), spiriti, vaselini, na waya mzuri wa shaba wenye nyuzi nyingi. Petroli ya kusafishia iache mbali; unakwenda kutafuta cheche.

Hatua ya 1: Betri

Iache ipumzike saa moja au mbili baada ya chaji, kisha pima vichwani. Betri nzima ya volti 12 inasoma 12.6 hadi 12.8, ikifika 12.0 iko karibu tupu. Ya volti 6 inasoma takribani 6.3 hadi 6.4, na ikifika 6.0 inahitaji chaji. Ukisoma 10.5 kwenye ya 12, au 4.2 kwenye ya 6, na chaji haipandishi, chumba kimoja kimekufa. Hiyo haina dawa.

Sasa washa taa zote zinazotumia betri na upime tena bila kuondoa mita. Betri nzima inashuka kidogo na kutulia. Iliyochoka inaporomoka ukiiangalia. Kipimo cha pili ndicho cha kuamini.

Betri ya maji ikipungua ongeza maji ya betri, si ya bomba na si ya kisima. Chaji kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 4 ichajiwe kwa ampea 0.4 hivi, kwa saa kumi au zaidi. Chaja ya gari ukiifunga kwenye betri ndogo ya volti 6 inaichemsha. Vichwa vyenye unga mweupe visafishwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, bila kuyaingiza vyumbani, vikaushwe, vifungwe kwa nguvu, ndipo upake vaselini. Vaselini hupakwa juu ya kiungio kilichokwisha kubana. Haipakwi katikati yake.

Hatua ya 2: Fyuzi

Kagua kishikio chake kwanza, kwa sababu fyuzi inaweza kuwa nzima na vibano vyake vimelegea na kuota kijani. Vibane kwa plaizi, visugue, rudisha.

Fyuzi iliyoungua ina sababu. Ukiweka nyingine ikaungua pale pale, usiweke ya tatu, na usifunge karatasi ya sigara. Karatasi ya sigara ndiyo inayounguza waya wote wa pikipiki na tanki likiwa juu yake. Fanya hivi: chukua taa ya kupimia, klipu moja upande mmoja wa kishikio, nyingine upande wa pili, mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna waya unaopiga shoti. Sasa chomoa mzunguko mmoja mmoja, taa ya nyuma, honi, indiketa, taa kubwa, huku ukiangalia balbu. Ule utakaochomoa balbu ikafifia au kuzima ndio wenye shoti. Balbu inazuia umeme usizidi, kwa hiyo unaweza kutafuta taratibu bila kuunguza kitu.

Pa kuangalia kwanza ni shingoni, waya unapopita kukunjwa na usukani, kisha chini ya siti unapobanwa na bolti, kisha ndani ya madigadi ya nyuma unaposuguliwa na tairi.

Hatua ya 3: Athi

Hii nitaikalia.

Alikuja kijana wa Mikanjuni na C90.
"Shikamoo fundi. Nimebadilisha flasha, nimebadilisha balbu zote, nimebadilisha swichi. Nikikanyaga breki, indiketa inawaka."
"Marahaba. Athi umeitazama?"
"Athi ya wapi?"
Madigadi ya nyuma ilikuwa imepakwa rangi mpya, nzuri sana, mpaka ndani ya matundu ya bolti. Umeme wa breki ulikosa njia ya kurudi kwenye fremu, ukarudi kupitia balbu ya indiketa. Tulikwangua rangi chini ya bolti moja.

Dalili za athi mbovu ni vituko vya aina hiyo: kifaa kimoja kinaamsha kingine, taa ya nyuma inafifia ukikanyaga breki, honi inanong'ona, taa kubwa inacheza na indiketa. Ukiona vituko, usiguse kifaa chochote. Nenda kwenye athi.

Kosa linalowapotosha wengi ni kupima athi kwa omu huku kila kitu kimezimwa. Mita inasema sifuri, mtu anaridhika. Ni sawa na kupima bomba la maji lililoziba nusu huku koki imefungwa: presha utaikuta kamili, ila fungua koki uone kinachotoka. Waya uliobaki na unyuzi mmoja kati ya ishirini utasoma vizuri kabisa kwenye mita, na hautaweza kubeba taa kubwa.

Kwa hiyo pima ukiwa umewasha. Weka mita kwenye volti za betri. Washa taa, kanyaga breki. Kidole kimoja cha mita kwenye kichwa cha betri kinachokwenda athi, kingine kwenye chuma kitupu cha injini. Namba ikizidi 0.2 kuna kizuizi njiani. Hamisha kidole hadi kwenye fremu, kisha bakuli la taa kubwa, kisha kitako cha taa ya nyuma. Namba inaporuka ndipo ubovu ulipo, kati ya sehemu hiyo na ile iliyotangulia.

Upande wa chanya unapimwa hivyo hivyo: kidole kimoja kwenye chanya ya betri, kingine kwenye waya unaoingia kwenye kifaa kikiwa kimewashwa. Hasara yote ya njia isizidi nusu volti. Kwenye pikipiki ya volti 6 uwe mkali zaidi, kwani nusu volti kwenye 6 inauma mara mbili ya kwenye 12. Hasara ikiwa kubwa, pima kabla na baada ya fyuzi, kabla na baada ya swichi ya ufunguo, kabla na baada ya kila konekta. Swichi za ufunguo za zamani zinakula volti nyingi kimya kimya. Nyingi hufunguka, husafishwa kwa spiriti na kurudi kazini.

Kutengeneza athi: kwangua hadi chuma king'ae, tumia kichwa kipya cha waya, bana, kisha paka vaselini kwa juu. Mimi kwenye kila pikipiki ya zamani ya hapa naongeza waya mmoja mnene kutoka kichwa cha betri kinachokwenda athi hadi bolti ya injini, na mwingine hadi ndani ya bakuli la taa kubwa. Kiwandani walitegemea fremu na beringi za shingo kubeba umeme. Baada ya miaka arobaini ya upepo wa bahari, beringi hizo hazitegemeki.

Hatua ya 4: Hakuna cheche

Anza na plagi mpya au unayoijua ni nzima. Pengo la Honda nyingi ndogo ni 0.6 hadi 0.7 mm. Ivishe kepu yake, ilaze ikigusa chuma cha kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hutokea humo, piga kiki. Fanya kivulini, jua la saa sita linaficha cheche. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika. Ya njano, nyembamba, ni dhaifu. Usipige kiki kepu ikiwa hewani bila plagi iliyogusa chuma, hasa kwenye CDI: umeme ukikosa njia hutoboa koili ndani.

Ikikosekana, fungua kepu (huzungushwa kama skrubu), kata nusu sentimita ya waya mnene ili upate shaba safi, funga tena. Kepu nyingi za Japani zina kizuizi cha omu 5,000 ndani. Mita ikionyesha haina mwisho, yaani umeme hauna njia ya kupita, kepu imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo kinachosingiziwa kuwa koili kila siku.

Hatua inayofuata wengi wanairuka. Kwenye pikipiki zinazochota cheche kwenye magneti, kuzima ufunguo hakukati umeme. Kunaipeleka cheche athi ili isifike kwenye plagi. Maana yake, swichi yenye unyevu, au waya wa kuzimia uliochubuka na kugusa fremu, unaiweka injini katika hali ya "imezimwa" saa zote. Kwenye Honda za namna hii waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Uchomoe, piga kiki. Cheche ikirudi, ubovu uko kwenye swichi au waya wake, na koili yako ni nzima. Ila pima volti kwanza: kwenye Honda zinazotumia betri kuwasha, rangi hiyo hiyo ndiyo inayopeleka moto kwenye koili. Ufunguo ukiwa wazi, ukisoma volti za betri hapo, usiuchomoe. Pima kama zinafika kamili.

Platini

Zungusha flaiwili hadi platini ifunguke kabisa, pima kwa fila geji. Honda ndogo nyingi zinataka 0.3 hadi 0.4 mm. Nyuso zake zikiwa na kijivu safi, sawa. Zikiwa zimeungua, pitisha msasa laini mara chache, kisha kipande cha karatasi nzito chenye spiriti, kivute katikati hadi kitoke safi. Mafuta kidogo tu ya vidole yanatosha kuzuia cheche.

Baada ya kurekebisha pengo, tazama wakati wake: platini ianze kufunguka alama ya F ya flaiwili inapofika kwenye alama ya mwilini. Kwenye pikipiki ya betri, funga taa ya kupimia kati ya waya wa platini na athi, fungua ufunguo, zungusha taratibu kwa mkono: taa inawaka pale pale platini inapofunguka. Ukibadilisha pengo umebadilisha na wakati, kwa hiyo pengo kwanza, wakati baadaye.

Kondensa ni kidude kidogo cha silinda kando ya platini. Ikifa, platini inatoa cheche kubwa za bluu na kuungua haraka, huku plagi ikipata cheche dhaifu. Nyingi zina takribani mikrofaradi 0.2 hadi 0.3, na mita nyingi za siku hizi zinapima hilo. Usumbufu wake mkubwa ni kufa ikiwa na joto: pikipiki inatoka mjini vizuri, inazima njia ya Muheza, unakaa kivulini nusu saa, inawaka kama haijatokea kitu. Koili nayo inaweza kufanya hivyo. Kuzitofautisha, funga kondensa nyingine nzima kwa nje, mguu mmoja kwenye waya wa platini na mwili wake kwenye athi, chomoa ile ya zamani, uendeshe. Ikiacha kuzima, umepata jibu bila kugusa koili.

CDI

CDI yenyewe haipimwi kwa multimita, na anayekwambia ameipima kwa omu anakufurahisha. Kinachopimika ni vinavyoilisha. Pima koili ya chaji ndani ya magneti na koili ndogo ya kuamuru cheche: kila moja iwe na omu za kueleweka, mara nyingi kati ya makumi na mamia kadhaa. Mita ikionyesha haina mwisho, waya umekatika ndani. Ikionyesha sifuri, imepiga shoti. Zikiwa nzima, waya wa kuzimia umechomolewa, athi ya CDI ni safi na koili ya plagi ni nzima, hapo ndipo CDI inashukiwa. Azima ya mwenzako mwenye pikipiki kama yako ujaribu.

Tahadhari moja ya dukani: kuna CDI inayolishwa na koili ya magneti na kuna inayolishwa na betri. Maboksi na plagi zake vinaweza kufanana kabisa. Ukifunga isiyo yake hupati cheche, na utadhani umeuziwa mbovu. Nenda na ya zamani mkononi, na ujue waya unaoilisha unatoka wapi.

Hatua ya 5: Chaji

Betri ikiwa nzima na imejaa, washa injini, mita vichwani. Ongeza mafuta hadi mwendo wa kati. Volti 12 ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Volti 6 ipande hadi karibu 7. Isipopanda, fungua konekta ya nyaya zinazotoka kwenye magneti. Kwa pikipiki za hapa mara nyingi utaikuta imeungua kahawia upande mmoja, na kazi imeishia hapo. Ikiwa safi, weka mita kwenye volti za AC (umeme wa kupishana unaotoka kwenye magneti) na upime nyaya za koili za chaji moja kwa moja: namba ipande kadiri unavyoongeza mafuta. Ikipanda, magneti ni mazima na mshukiwa ni rektifaya. Ipime kwa alama ya dayodi, ipitishe upande mmoja tu. Namba ya AC ikibaki volti mbili tatu, koili zimekwisha.

Chaji ikizidi, betri inachemka na balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Kwenye volti 12, kagua kwanza kama mwili wa regileta umegusa fremu kwa chuma kitupu.

Pikipiki za volti 6 zisizo na regileta zina tabia yake. Magneti yalipimwa kiwandani kulisha wati maalumu, na balbu zenyewe ndizo zinazozuia volti zisipande. Balbu ya nyuma ikiungua, sehemu yake inahamia kwenye taa kubwa, nayo inaungua mlio mmoja ukiongeza mafuta. Ukiweka balbu ya wati chache "ili isivute sana" unaleta maafa yale yale. Weka wati zilizoandikwa, na balbu moja ikiungua usiendeshe usiku kwa kasi hadi uibadilishe.

Hatua ya 6: Taa, honi na indiketa

Ukishapita hatua ya 3 vizuri, hapa panabaki kidogo. Indiketa inayowaka haraka upande mmoja ina balbu iliyoungua au yenye wati pungufu. Balbu za LED kwenye flasha ya zamani huwaka haraka au kutowaka kabisa, kwa sababu flasha hiyo inategemea wingi wa umeme unaopita, na LED huvuta kidogo. Honi iliyopoteza sauti ina skrubu nyuma. Izungushe kidogo kidogo huku ukibonyeza. Taa ya breki isiyozima mara nyingi ni swichi ya kikanyagio isiyorekebishwa vizuri.

Hatua ya 7: Tatizo linalokuja na kuondoka

Washa injini usiku, mahali penye giza. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa ya mimea kwenye waya wa plagi, kepu na koili. Cheche ikivuja utaiona ikitambaa. Hii ndiyo inayozima pikipiki wakati wa masika na kuifanya ipone jua likitoka.

Kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, taa zikiwa zimewaka. Tingisha fungu la waya shingoni, chini ya tanki, chini ya siti, kipande kwa kipande. Waya unaweza kukatika ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima. Uvute taratibu, uliokatika hurefuka kama mpira. Pikipiki inayopanda Amani kila wiki kwenye mawe na makorongo hukatikia zaidi nyuma ya bakuli la taa.

Wakati huo huo toa nyongeza zote: taa za mapambo, chaja ya simu, spika. Zikate kwenye mzizi wake. Tatizo likiondoka nazo, zirudishe kwa fyuzi yake ndogo na waya wake kutoka betri, zisining'inie kwenye waya wa koili.

Kuunga waya ili udumu pwani

Kusokota na kufunga soltepu hapa hakumalizi msimu. Gundi inalegea kwa joto, unyevu wa chumvi unaingia, shaba inageuka unga wa kijani hadi ndani ya ganda. Ukikata waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata hadi ufike penye kung'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu. Sokota, lehemu au bana kwa kichwa kizuri, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha funga waya kwenye fremu ili kiungio kisitikisike, kwa kuwa penye risasi pamekakamaa na hukatika kwa mtetemo. Konekta zitazame chini ili maji yatoke. Ukitoka ufukweni osha pikipiki kwa maji baridi ya kawaida, bila presha, na kabla ya masika kuanza mwezi Machi fungua konekta zote mara moja, safisha, funga.

Kazi moja mpelekee fundi wa kusuka: koili za magneti zilizoungua. Tanga wapo wanaosuka vizuri. Kabla ya kumwachia, pima omu za koili nzima zilizo jirani uandike, mwambie ahesabu mizunguko ya zamani na atumie waya wa unene ule ule. Ukiichukua, ipime mbele yake: kati ya ncha zake, na kati ya ncha na chuma cha katikati. Kama koili hiyo haikutengenezwa kufungwa athi upande mmoja, hicho kipimo cha pili kionyeshe haina mwisho. Kisipoonyesha hivyo, mrudishie kabla hujalipa.